Herufi Zenye Mapengo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nimetoka kununua tapentaini, na muuza rangi alinirudisha mara mbili akisema mwenye ufunguo wa stoo anafika saa nne. Alifika saa nne. Robo saa baadaye nilikuwa njia panda, chupa mkononi, nimetazama juu kama mtu anayesubiri mvua.

Mafundi wawili wa ofisi ya mji walikuwa juu ya ngazi wakikaza boliti za bango jipya. Bango la bluu, herufi nyeupe, kila herufi pana kama mlango wa kabati. MAEGESHO YA MAGARI.

"Mzee, sogea! Spana ikidondoka haichagui kichwa!" mmoja akanipigia kelele.

Sikusogea. Zile herufi nilizijua. Miaka ishirini na sita nimelala juu yake, maana zilikuwa chini ya kitanda changu.

Mimi ni mchora mabango. Shule niliishia darasa la tano, lakini ukitembea mji huu ukisoma kuta zake, nusu ya unachosoma nimekiandika mimi: vinyozi, gereji, maduka ya dawa, hata lile onyo la usikojoe hapa. Watu wananiita Brashi. Herufi nilizozitumia hazikuwa zangu. Zilikuwa za marehemu mke wangu, na nalisema hilo mapema asije mtu akaniambia nami ni walewale.

Nilipoanza kazi nilikuwa naandika herufi nyembamba zenye mikia, nikidhani ndio ufundi. Siku moja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akanikatalia bango. Akasema kutoka ng'ambo ya barabara halisomeki, linaonekana kama mstari wa siafu. Nikarudi nalo nyumbani nimenuna. Mke wangu hakusema pole. Aliliegemeza ukutani, akavuka barabara, akafumba jicho moja, akatazama, akarudi.

"Herufi zako zina njaa," akasema. "Mtu akiziona anazihurumia, hazisomi."

"Wewe unajua nini kuhusu herufi?"

"Najua njaa."

Wiki ile ile akachukua maboksi ya sabuni, wembe na penseli, akaanza kukata. Kipimo chake kilikuwa mkono wake: mguu wa kila herufi upana wa vidole vinne, na nafasi ya ndani isizidi kidole kimoja. Herufi iwe imeshiba, akasema, karibu ipasuke, lakini ipumue. Mshipi wa A aliushusha chini kabisa, maana ukiukaza juu kile kitundu kinakuwa kidogo na rangi inakiziba. M akaikata kati ifike nusu tu, kwa sababu ncha ndefu ya boksi huchanika. Kila alipomaliza moja aliibandika ukutani na kuvuka barabara na jicho lake moja, na majirani wakaanza kusema mke wa Brashi kapata wazimu wa kukonyeza nyumba yake mwenyewe. Alipofika kwenye G wembe ukakatika mkononi. Pale chini ya kidevu cha G pakabaki kidato, kama jino lililomeguka. Nikamwambia akate nyingine. Akasema boksi halipo, na tena G amependeza, kapata sura.

Kidato hicho nilikiona Jumanne ile pale juu, mara mbili, kwenye MAEGESHO na kwenye MAGARI.

Wale wasiojua kazi hii watasema Brashi ana kichaa cha msiba, herufi nene ziko nyingi duniani. Haya, ngoja niwaeleze jambo ambalo mwizi hakulijua. Herufi zetu zilikuwa za stensili, yaani umekata shimo lenye umbo la herufi kwenye boksi, unaliweka juu ya bango, unapiga rangi. Sasa, herufi kama O au A ina kisiwa katikati. Ukikata tu, kisiwa kinadondoka. Kwa hiyo unaacha vijidaraja viwili vya boksi kukishika. Ukiondoa stensili, pale kwenye vijidaraja panabaki mapengo, na mimi kila mara nilichukua brashi ndogo nikayaziba kwa mkono. Miaka ishirini na sita hakuna bango langu lililotoka na pengo. Mke wangu alikuwa mkali: pengo ni kazi nusu.

Lakini bango la ofisi ya mji lilikuwa na mapengo. Kwenye kila A, kwenye O, kwenye R. Ya bluu katikati ya weupe, wazi kabisa.

Maana yake nini? Maana yake aliyeziiba hakuziiba ukutani. Angenakili ukutani asingeyaona mapengo. Aliziona stensili zenyewe, na stensili zilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, chumbani kwangu. Mtu alikuwa ameingia chumbani kwangu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, tapentaini nikaisahau kwenye ukuta wa njia panda. Nikavuta sanduku, ambalo sikuwa nimelifungua tangu mke wangu alipougua, maana kazi ndogo ndogo za siku hizi naziandika kwa mkono tu. Stensili zote zilikuwepo, hata moja haikupungua. Lakini mimi huzifunga kwa waya. Sasa zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa kitambaa cha bluu, fundo dogo zuri, la mtu asiye na haraka.

Mke wangu alifariki mwezi wa kumi na moja. Kwenye msiba watu wakaingia wakatoka, nani aliyehesabu? Hospitali walinirudishia mwili na faili lenye kurasa mbili, daktari akiwa semina. Tangu siku ile simwamini mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Na sasa nikataka kitu kimoja tu, na bado nakitaka: aliyezichukua herufi za mke wangu atajwe, na jina la mke wangu liandikwe pale pale walipozitundika. Nilikuwa sitaki fidia wala pole.

Nikaanza na kitambaa. Nikavuka uchochoro kwa fundi cherehani, jirani yangu, tunamwita Pindo.

"Hiki kitambaa ni chako?"

Akakivuta kidogo kwa vidole, akakinusa kabisa, shetani yule. "Changu. Na cha nyumba ishirini mtaa huu. Unifomu zote nashona mimi, Brashi. Utatukamata wote?"

"Nani uliyempa kipande?"

"Vipande vya unifomu watu wanaokota hapo chini wenyewe. Wengine wanafutia masufuria. Wewe mwenyewe ulifungia mlango wa choo mwaka juzi."

Hilo lilikuwa kweli.

"Marehemu pia alikuwa anachukua," akaongeza, akikanyaga cherehani kana kwamba hakusema kitu. "Alikuwa anakaa hapo kwenye kigoda. Tulikuwa tunaongea."

"Mliongea nini?"

"Mambo ya wagonjwa. Brashi, kikulacho ki nguoni mwako, lakini kabla hujaivua nguo hakikisha uko peke yako."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu akikupa methali badala ya jibu, ujue jibu analo.

Kutoka pale nikaenda kwa binti yangu. Binti yangu ameolewa na dereva, na dereva ni wa wapi? Wa ofisi ya mji. Mnaona? Mimi si mjinga kwa sababu tu sikusoma. Nilimkuta anaanika nguo, vibanio viwili mdomoni.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kazini. Shikamoo baba."

"Marahaba. Aliwahi kuingia chumbani kwangu?"

Akatoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. "Baba, umeshaanza."

"Nimeuliza."

"Aliingia. Mama alipokuwa mgonjwa alibadilisha balbu. Unataka nimkamate kwa balbu?"

Nikamweleza kuhusu bango, kuhusu G, kuhusu mapengo. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Alitazama shati lililokuwa mkononi, akalikung'uta mara tatu ingawa lilikuwa limeshakung'utwa.

"Labda ni vizuri," akasema.

"Vizuri nini?"

"Kwamba watu watazisoma. Mji mzima."

"Mji mzima ulikuwa unazisoma tayari! Mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote?"

"Ulikuwa unaandika 'Fundi Brashi' pembeni," akasema kwa sauti ndogo, akaendelea kuanika.

Ndiyo, niliandika Fundi Brashi. Kila bango, kona ya chini kulia, kwa brashi namba mbili. Kazi ndivyo ilivyo. Mteja anamtafuta fundi, hamtafuti mke wa fundi. Yeye mwenyewe hakuwahi kulalamika, na mwanamke yule hakuwa mtu wa kumeza neno. Binti yangu alikuwa mtoto, alijua nini?

Siku ya pili nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisi ya mji. Idara ya habari iko ghorofa ya tatu. Nilifika juu napumua kama mvukuto. Mkuu wa idara alikuwa mama wa makamo, meza safi mno, na pembeni yake kijibwana cha miwani ambacho walisema ndicho mbunifu.

"Karibu, mzee wangu. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kumwona mwizi."

"Mwizi yupi?"

"Mtanitajia ninyi."

Wakatazamana vile wakubwa wanavyotazamana mtu wa chini akiongea. Nikawaeleza. Nilipotaja herufi, yule wa miwani akang'aa uso, akageuza kompyuta yake nione. Humo mlikuwa na alfabeti nzima ya mke wangu, nyeusi, zimeshiba, zimepangwa mstari kama watu wa harusi wanaopigwa picha. Nilishika ukingo wa meza.

"Hii fonti, mzee, ni ya kipekee," akasema. "Tumeitumia kwenye mabango yote ya mji, vibao vya mitaa, hata magari ya taka. Ni ya vichwa vya habari tu, ukiiandikia barua ndefu inachosha macho. Lakini kwa mbali, hakuna kama hii."

"Na haya mapengo?"

"Hayo ndiyo moyo wake! Yanawakilisha uwazi wa uongozi. Mwananchi anaona hadi ndani."

"Na G? Kidato hiki chini ya kidevu?"

"Hatua. Mji unaopiga hatua. Tumeieleza kwenye ripoti, ukurasa mzima."

"Wembe ulikatika," nikamwambia.

"Samahani?"

"Wembe ulikatika. Saa sita mchana. Mke wangu akatukana tusi ambalo siwezi kulirudia mbele ya mama huyu, akafunga kidole kwa tambara. Hiyo ndiyo hatua yenu. Na mapengo ni ya kushika boksi lisidondoke. Yanazibwa! Mmetundika kazi nusu mji mzima, halafu mmeiita uwazi."

Mama mkuu alicheka, akajizuia kwa kiganja. Kijibwana kikavua miwani, kikaifuta, kikaivaa tena. Nikajua nimewashika. Nikapiga meza kidogo, si sana. "Sasa mnitajie nani aliwaletea. Na mke wangu aandikwe."

"Mzee wangu," akasema yule mama, na sauti yake ikawa imebadilika, "mke wako alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa faili la kijani, akaliweka mbele yangu taratibu kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyelala.

Ndani mlikuwa na karatasi kubwa ishirini na nne. Kila karatasi ina herufi moja, imefuatishwa kwa penseli kutoka kwenye stensili, vijidaraja na vyote. Mstari wa penseli ulikuwa unatetemeka. Juu yake fomu. Nasoma polepole, lakini nasoma. Jina la mbunifu: jina lake, na baada yake jina la baba yake. Si langu. Anakabidhi kwa mji, bure, zitumike na yeyote. Sharti moja: aina hii ya herufi iitwe kwa jina lifuatalo. Na jina lililofuata lilikuwa jina lake la utotoni, ambalo nilidhani tumebaki wawili duniani tunaolijua, mimi na mama yake. Sitaliandika hapa. Kijibwana kikanionyesha kwenye kompyuta: kweli, ukizichagua herufi hizo, jina hilo ndilo linalotokea.

Nilikuwa nimekuja kudai jina lake liandikwe. Lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mwandiko wake, bila kunisubiri.

"Tulidhani familia inajua," akasema mama mkuu.

"Familia ni mimi," nikasema.

Kisha nikaona tarehe. Tisa, mwezi wa kumi.

Watu wa ofisini tarehe kwao ni tarehe tu. Mimi mwezi wa kumi naujua siku kwa siku. Miguu ya mke wangu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Nilikuwa namwacha asubuhi na chupa ya chai na redio, naenda kazini, nikirudi namkuta pale pale. Au ndivyo nilivyodhani.

"Alikuja mwenyewe?" nikauliza.

"Fomu ya kukabidhi inasainiwa hapa hapa, mbele ya afisa. Ndio utaratibu."

"Afisa gani?"

"Aliyekuwepo kabla yangu. Alihamishwa mwezi wa kumi na mbili." Ahaa. Wakubwa hawa, ukiuliza swali la maana, mwenye jibu kahamishwa.

Nikashuka. Lifti yao haijawahi kupanda tangu jengo lifunguliwe. Wameibandikia karatasi, HAIFANYI KAZI, kwa herufi za mke wangu, na mapengo yake. Chini mlangoni kuna mlinzi mwenye daftari la wageni. Nikamwomba anifungulie mwezi wa kumi. Akakataa, nikamkalia kooni, akafungua. Tarehe tisa, saa tano kasoro, jina lake lilikuwepo. Mstari wa juu yake mtu wa maji, mstari wa chini mtu wa magazeti. Hakuna aliyeandikwa pamoja naye.

"Alikuja na nani?" nikauliza.

"Mzee, kama hajaandikwa hakuingia."

"Basi alipaa?"

"Watumishi wa humu ndani ndio hawaandikwi. Sisemi kitu, nakuambia utaratibu tu."

Jioni ile nilikuwa kwa binti yangu kabla dereva hajavua viatu. Akaapa kwamba tarehe tisa alimpeleka mkurugenzi safari, tena akataka kunionyesha kitabu cha gari. Alikuwa na haraka ya kunionyesha. Binti yangu akasema yeye alikuwa kazini. Pindo, nilipomrudia, akasema siku hizo alikuwa na oda ya mapazia, hakuinua kichwa. Afisa aliyehamishwa nimemwandikia barua mbili kwa mkono wangu. Hajajibu, na sitarajii. Kila mtu ana pa kusimama, na kila mtu anaponijibu anatazama mikono yake.

"Baba," binti yangu aliniambia akinisindikiza mlangoni, "na ukimjua, utamfanya nini?"

Sijui kama ningemkaba au ningemshika mkono. Najua tu kwamba mtu huyo alijua jambo kuhusu mke wangu ambalo mimi sikulijua, na ananisalimia kila siku.

Nimerudi kwenye jengo lile nikazihesabu ngazi. Ni sitini na sita. Katikati ya kila ghorofa kuna pembe, hapana kiti, hapana dirisha la maana. Mwanamke mgonjwa, na karatasi ishirini na nne kubwa kuliko mikono yake, saa tano asubuhi, watu wakipanda na kushuka.

Sasa mniambie, nyote mnaozisoma herufi zile kila siku: nani alimpandisha mke wangu ngazi zile?